Kioo cha Chogo Hakina Mnunuzi

Tulipofungua yadi ya kuchakata taka za elektroniki, mzigo wa kwanza tuliununua kama anavyonunua mtu wa skrepa: kilo ni kilo. Kirikuu kilishusha kompyuta za mezani, printa, televisheni za chogo (zile nene za zamani), gunia la chaja na redio zilizokufa, vyote vikapanda mzani mmoja na kulipiwa bei moja. Hilo ndilo kosa lililotugharimu kuliko mengine yote. Siku ile hatukuliona. Tuliliona miezi kadhaa baadaye, pale nusu ya yadi ilipojaa chupa za televisheni, yaani vile vioo vizito vya ndani, ambazo hapa Dar es Salaam hatukumpata wa kuzichukua hata kwa kupewa bure.

Wengi huingia kwenye kazi hii kwa sababu wamesikia habari za dhahabu. Dhahabu ipo. Mwamba wa Geita hupimwa kwa gramu chache kwa tani, ilhali tani moja ya bodi za simu huwa na gramu mia kadhaa. Lakini bodi ya simu moja ina uzito wa gramu 20 hivi, maana yake tani moja ni simu kama 50,000. Wakati unazisubiri, getini vinaingia vitu vingine kila siku, na vingi kati ya hivyo vina sehemu isiyouzika: kioo chenye madini ya risasi, betri zilizovimba, plastiki yenye dawa ya kuzuia moto, wino wa unga, gesi ya friji. Ukivibeba usiku kwenda kuvimwaga dampo la Pugu Kinyamwezi au korongoni, hujachakata kitu. Umechambua tu, ukachukua kilicho chako na kuwaachia wengine sumu.

Vibali tulivichelewesha, na hilo nalo lilitutia hasara. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na msimamizi ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Tulidhani kibali kimoja kinafunika kila kitu. Kukusanya, kusafirisha, kuhifadhi na kupeleka nje ya nchi ni shughuli tofauti, na kila moja ina karatasi zake. Anayeanza aende NEMC kabla ya kulipa kodi ya yadi, maana eneo lenyewe linaweza kukataliwa wakati kodi ya mwaka umeshaitoa.

Kifaa kikipita getini tunakijaribu kwanza kama bado kinafaa. Skrini nzima ya laptopu inauzwa kwa fundi wa Kariakoo kwa bei ambayo vipande vyake haviifikii hata ukivijumlisha vyote. Pawasaplai nyingi zilizokufa zina ugonjwa mmoja: kapasita zilizovimba kichwani. Unabandika mpya zenye maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, za nyuzi joto 105 na si 85, na kifaa kinarudi mezani kwa mtu. Kabla ya kuigusa bodi hiyo, toa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani. Huwa na volti zaidi ya 300, na hukaa nazo hata baada ya kuchomoa. Balbu ya wati 60 iliyofungwa waya mbili inautoa taratibu. Kugusisha bisibisi kunatoa cheche, kunaharibu bodi na kunaunguza vidole.

Kisichofaa kinakwenda meza ya kufungulia, na pale betri hutolewa kabla ya skrubu nyingine yoyote. Betri ya lithiamu iliyobanwa, iliyotobolewa au iliyogusana ncha zake hushika moto yenyewe, na moto huo haufi kwa kuunyima hewa, kwa kuwa oksijeni nyingine inatoka ndani ya seli. Kizimamoto cha unga kinaua mwali tu, kisha moto unarudi. Kinachosaidia ni maji mengi ya kupoza, na kuwa mbali na moshi wake. Moshi ule ni sumu kali. Tuliuona mara moja ukitoka kwenye gunia la betri za simu zilizotupwa ovyo bila kuzibwa ncha, na hofu ya siku ile ndiyo iliyotufanya tuandike utaratibu ukutani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila ncha inazibwa kwa tepu ya umeme. Betri zinalazwa kwenye pipa la chuma, tabaka la mchanga mkavu, tabaka la betri, tabaka la mchanga, bila betri kugusana. Mfuniko unalazwa juu bila kukazwa, ili gesi ikitokea isilipue pipa. Pipa linakaa kivulini, nje ya jengo, mbali na ukuta na mbali na plastiki. Mwanzoni tulichota mchanga wa ufukweni kwa sababu ni rahisi kuupata. Una chumvi, na unyevu wa Dar ukiingia mchanga huo unapitisha umeme. Betri zilianza kutu nchani na nyingine kupata joto. Tumia mchanga wa mtoni, uanike juani mpaka ukauke kabisa.

Betri ya laptopu ya zamani mara nyingi ina seli 6 za duara, kila moja ya volti 3.7, na kwa kawaida hufa seli mbili tu, nyingine zikabaki hai. Pasua ganda kwa kabari ya plastiki, kisha kata vile vibati vya nikeli kimoja kimoja. Mkasi ukigusa viwili kwa pamoja umeunganisha ncha. Pima kila seli. Iliyo juu ya volti 3 inaweza kuchajiwa, kupimwa uwezo na kwenda kwenye tochi au pawabanki. Iliyoshuka chini ya volti 2 usiichaji tena hata kama inapokea, kwa maana shaba ya ndani imeanza kuyeyuka na kujenga njia ya moto. Betri ya simu iliyovimba usiichokonoe kwa bisibisi: weka matone ya spiriti kwenye gundi, subiri, kisha pitisha kadi laini ya plastiki chini yake.

Betri za gari na za sola ni jambo jingine, kwa sababu zina soko na wanunuzi hugombea risasi yake. Sharti letu kwa anayetuletea ni moja: ije na asidi yake ndani. Wengi huimwaga chini ili wabebe kirahisi, na asidi hiyo imebeba risasi. Majirani wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyushia betri, na damu za watoto wao zikaonyesha risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha haiondoi risasi mwilini mwa mtoto.

Sasa chogo. Televisheni ya inchi 21 ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na zaidi ya nusu yake ni chupa ya kioo. Shaba yote iliyomo, ya yoki (zile koili zilizovishwa shingoni) na ya koili inayouzunguka uso, haifiki nusu kilo. Wakusanyaji wa guta wanaijua shaba hiyo, na njia yao ni nyundo moja shingoni. Ndani ya chupa mna ombwe, yaani hamna hewa. Shingo ikikatika ghafla hewa inaingia kwa kishindo, vipande vinaruka, na unga uliopakwa nyuma ya uso wa kioo unatawanyika. Ile sehemu ya nyuma yenye umbo la faneli ni kioo cha risasi: takriban moja ya tano ya uzito wake ni oksidi ya risasi, na shingoni ni zaidi. Waliotengeneza waliiweka ili kumkinga mtazamaji na eksirei, na chupa ikiwa nzima haimdhuru mtu. Ikisagwa na kulala mvuani, risasi inaanza kutoka na maji.

Kinachouma ni kwamba shaba ile inatoka bila kuvunja chochote. Chomoa televisheni, iache siku kadhaa. Fungua skrubu ndefu za mfuniko wa nyuma, huwa 4 hadi 6, kwa bisibisi ya nyota yenye shina refu. Mgongoni mwa chupa utaona kofia ya mpira yenye waya mnene. Chini yake, televisheni ikiwaka, hupita volti 20,000 na zaidi, na chupa hutunza umeme huo kama kapasita. Chukua waya wenye klipu pande mbili. Klipu moja ishike ule waya mtupu uliofumwa unaozunguka mgongo wa chupa, ya pili ishike shina la bisibisi bapa yenye mpini mnene wa plastiki. Mkono mmoja uwe mfukoni. Sukuma ncha ya bisibisi chini ya kofia mpaka iguse chuma. Utasikia mlio mdogo, au usisikie kitu. Subiri dakika 10 urudie, kwa sababu kioo hurudisha umeme kidogo hata baada ya kuutoa. Hatua hii ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowarusha.

Baada ya hapo chomoa bodi ndogo ya shingoni, legeza skrubu ya pete inayoshika yoki, izungushe taratibu gundi iachie, kisha ivute nyuma. Inatoka nzima. Sasa ingiza hewa ndani ya chupa, maana chupa yenye ombwe ni hatari kuipanga. Ukiondoa kitako cha plastiki mwisho wa shingo, katikati ya pini pana chuchu ndogo ya kioo. Funika chupa kwa blanketi zito, vaa miwani na glavu, vunja ncha ya chuchu hiyo tu kwa plaizi. Hewa itaingia kwa mluzi wa sekunde kadhaa. Ukiisha, chupa haiwezi tena kujilipua.

Zihifadhi chini ya paa, uso ukiangalia chini, juu ya paleti. Tulizipanga tabaka nne na za chini zikapasuka. Sasa ni mbili, na katoni katikati. Kuutenganisha uso wa mbele na faneli kunawezekana kwa waya wa moto au diski ya almasi kwenye mstari wa kiungo, ila panahitajika chumba chenye mashine ya kufyonza vumbi. Grenda ya mkononi kwenye yadi ya wazi ni kuwajaza watu risasi mapafuni. Sisi hatukati. Ovaroli hazitoki nje ya geti, na hakuna anayekula kabla ya kunawa kwa sabuni. Risasi ya kupeleka nyumbani kwenye nguo inatutisha kuliko umeme wa chogo.

Skrini bapa zina mtego wao. Zile za zamani, kabla ya kuja taa za LED, huwashwa kwa mirija myembamba kama mrija wa soda iliyopangwa pembeni au nyuma ya kioo, na kila mrija una miligramu chache za zebaki. Fungua mezani penye hewa, toa mirija bila kuivunja, itie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukivunjika mmoja, watu watoke kwa muda, kisha vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi. Ufagio mkavu unaitawanya zebaki.

Kwenye waya tulipoteza fedha kwa kutojua. Chukua kilo moja ya kila aina, menya yote, pima shaba. Waya wa nyumba wa milimita 2.5 hutoa karibu theluthi mbili ya uzito wake. Waya wa umeme wa kompyuta ni kama theluthi moja, na nyaya za chaja huwa chini ya hapo. Bila kipimo hiki utanunua gunia la nyaya za chaja kwa bei ya waya wa nyumba. Mtego mwingine ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa nje inang'aa nyekundu, ukikwaruza kwa kisu ndani ni nyeupe. Nyaya chache za namna hiyo zikionekana, mnunuzi anashusha daraja la gunia zima, na safari ya kwanza ilitutokea hivyo. Kumenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono kunatosha kwa waya mnene. Nyembamba zinakusanywa ziuzwe zikiwa na ganda kwa mwenye mashine ya kusaga.

Kuchoma hapana. Ganda la waya mara nyingi ni plastiki ya PVC, na zaidi ya nusu ya uzito wa PVC safi ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya asidi na dioksini, na shaba iliyomo inachochea dioksini hizo zizaliwe kwa wingi. Kisha shaba yenyewe inatoka nyeusi, na nyeusi bei yake iko chini ya iliyomenywa. Kijana anayechoma anapumua sumu na kulipwa kidogo.

Bodi ni mahali penye subira. Tulizianza vibaya: tulizing'oa chipu tukidhani tunaongeza thamani. Mnunuzi wa bodi hulipia bodi kamili, iliyonyonyolewa hushuka daraja. Ondoa vitu hivi tu: betri ya sarafu, vipande vikubwa vya alumini, transfoma, na kapasita nene kuzidi sentimita 2.5. Tenga madaraja: bodi za simu na za seva peke yake, bodi kuu za kompyuta peke yake, bodi za kahawia za televisheni na pawasaplai peke yake. Ukichanganya, zote zinalipwa kama za chini.

Yule atakayekufundisha kutoa dhahabu kwa asidi ya naitriki kwenye ndoo, mkatalie. Moshi wa kahawia unaopanda huharibu mapafu, na madhara yake yanaweza kuja saa kadhaa baada ya mtu kudhani amepona. Dhahabu kiasi inapotea, madini mengine yote yanapotea, na maji yaliyobaki yana shaba na risasi na yanaishia mtaroni. Viwanda vikubwa vya kuyeyushia, kama cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, hutoa metali 17 kwenye mzigo mmoja na husafisha moshi wake.

Kuzifikisha bodi huko ndiko kwenye gharama. Chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatarishi kati ya nchi, lazima idhini ya maandishi itolewe na serikali ya hapa, ya nchi inayopokea na za nchi ambazo mzigo unapitia. Tangu Januari 1, 2025 sharti hilo linashika hata taka za elektroniki zisizohesabiwa kuwa hatarishi, kwa hiyo ile njia ya kuandika tu kwamba mzigo si hatarishi haipo tena. Karatasi huchukua miezi. Mzigo ukifika unasagwa, sampuli inapimwa, gharama za kiwanda zinakatwa, ndipo unalipwa. Muda wote huo wafanyakazi wanataka mshahara. Anayeanza na mtaji mdogo aungane na yadi nyingine kujaza kontena, au amuuzie aliye na kibali tayari, hata kama bei ni ya chini.

Plastiki tuliiuza kwa miezi bila kujua tunauza nini. Mifuniko ya televisheni na skrini mara nyingi ina bromini ya kuzuia moto, na plastiki hiyo haifai kuwa bakuli, sahani wala mdoli. Kipimo rahisi ni maji. Katika maji matupu, polipropilini huelea. Kwenye ndoo ya pili weka gramu 160 za chumvi kwa kila lita moja ya maji: plastiki za ABS na polistirini zisizo na dawa zitaelea, zenye bromini zitazama pamoja na PVC na polikaboneti. Hakikisha uzito wa maji kwa ile haidromita ya mafundi betri za magari, isome 1.100. Tia tone la sabuni na ukoroge, la sivyo mapovu ya hewa yatabeba kipande kilichopaswa kuzama. Na ndoo ikikaa wazi juani maji hupungua, chumvi inazidi, kipimo kinadanganya. Kilichozama hatukiuzi kwa mtu wa vyombo.

Friji hatuzifungui wenyewe. Akija fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi na mtungi wake, kazi inafanyika. Asipokuwepo, bomba halikatwi. Za sasa nyingi zina gesi ya R600a, ambayo inawaka kama gesi ya kupikia, na za zamani zina R12, inayokula tabaka la ozoni.

Taasisi hazitoi kompyuta mpaka zihakikishiwe siri zao. Andika namba ya kila diski, futa inayofanya kazi kwa programu ya kuandika juu yake yote, toboa isiyofanya kazi, toa cheti chenye namba hizo. Kwa SSD, yaani diski ya chipu, tundu moja halitoshi. Kila chipu ivunjwe.

Cheti cha namna hiyo ndicho kilichotuokoa kwenye suala la chogo. Benki, shule na ofisi zinahitaji karatasi inayoonyesha taka zao zimekwenda wapi, na ziko tayari kulipa ada kwa kilo kwa vitu visivyo na mnunuzi. Sasa getini pana mizani mitatu: vitu tunavyonunua, tunavyopokea bure, na ambavyo mleta taka analipia. Ada ya taasisi inalipa paleti, paa la kuhifadhia vioo, na sehemu yake inakwenda kwa watu wa guta. Hao tunawanunulia chogo kwa bei inayozidi kidogo ile wangeipata kwa kuuza shaba yake. Sharti ni moja, na mtu wa mzani analikagua kwa mkono kabla ya kulipa: shingo iwe nzima.